Dagaa wa Kigoma wa aina nne: yupi bado ana laisini yake

Mwenye haraka aondoke na hili: chukua dagaa wa chanja, walioanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni ya siku ileile, wenye rangi ya fedha na tumbo zima. Wa moshi wanawafuata. Wa mchangani wanafaa kwa anayejua kuchagua na atakayewamaliza mapema. Wa kukaanga, wale walioiva hadi wakawa na rangi ya kahawa, wana utamu wao mezani, lakini nyumba yenye watoto wadogo isiwategemee kuwa ndio kitoweo. Anayetaka kujua kwa nini tumewapanga hivyo asome taratibu, maana sababu zote zimo ndani ya nyama ya samaki mwenyewe, mahali ambapo jicho halifiki, hasa katika laisini, kipande cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea.

Tunaowazungumzia ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza na kushushwa alfajiri kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga. Kitaalamu ni samaki wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wote wa ukoo wa sadini. Dagaa wa Mwanza ni watu wengine kabisa, jamaa wa ningu, hivyo si kila neno lililo hapa linawahusu.

Wengi hupima dagaa kwa protini. Wakavu wazuri wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na namba hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye lebo za pakiti. Shida ni jinsi namba inavyopatikana. Kipimo cha kawaida ni kile cha Johan Kjeldahl wa Denmark, cha mwaka 1883: unachemsha chakula katika asidi kali, unapima naitrojeni, unazidisha kwa 6.25. Kipimo hicho huhesabu naitrojeni tu, hakiulizi iko katika hali gani. Dagaa aliyekaa miezi minane juani ndani ya nailoni na dagaa wa jana wanaweza kutoa namba moja, na mmoja wao akawa amekwisha kazi.

Kazi yenyewe ni ipi? Tuanze na Tabora, kwenye ugali wa mahindi. Protini ya mahindi ina upungufu wa amino asidi, yaani vipande vinavyoijenga protini, mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, laisini na triptofani. Katika kila gramu 100 za protini ya mahindi, laisini haifiki gramu 3, wakati mtu mzima anahitaji kama gramu 4.5. Protini ya samaki ina kama gramu 8. Kwa hiyo dagaa analeta ziada, na ziada hiyo ndiyo inayolipa deni la ugali.

Piga hesabu ya makadirio. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama gramu 8 za protini, na deni lake la laisini ni kama gramu 0.14. Gramu 10 za dagaa wakavu wana protini gramu 6 na laisini gramu 0.48, ukitoa 0.27 ambayo ni haki ya protini yao wenyewe, ziada ni 0.21. Dagaa wazuri wa gramu 7 hivi wanatosha kulipa deni lote la gramu 100 za unga. Sasa chukua dagaa walewale wakiwa wamepoteza theluthi moja ya laisini. Gramu 10 zinabaki na 0.32, ziada inashuka hadi 0.05, na ili kulipa deni lilelile unahitaji gramu 28. Theluthi imepotea, lakini mzigo unaotakiwa umekuwa mara nne. Ndiyo maana hatutazami protini kwa jumla, tunatazama laisini iliyobaki hai.

Kigoma kwenyewe, ambako ugali wa muhogo uko katika nyumba nyingi, hesabu inageuka kidogo. Muhogo una protini kidogo mno, na sumu yake ya sianidi, ile inayobaki ukiuandaa vibaya, mwili huitoa kwa kuifunga na salfa. Salfa hiyo hutoka kwenye amino asidi mbili, methionini na sisteini. Mla muhogo anamhitaji dagaa kwa methionini kuliko mla mahindi. Kwa hiyo tunapowapima dagaa tunazifuata mbili: laisini na methionini. Nyingine zinaharibika pia, na baadhi hazina madhara makubwa mezani. Asparajini, kwa mfano, hupoteza amonia yake polepole na kugeuka asidi ya aspati; kwa mtengeneza insulini, dawa ya kisukari ambayo nayo ni protini, hilo ni janga, kwa mla dagaa ni jambo dogo, kwa sababu zote mbili mwili unaweza kujitengenezea.

Laisini ina mkono wa kaboni nne, na kwenye ncha ya mkono kuna naitrojeni yenye haidrojeni zake. Ndani ya protini, amino asidi zimeshikana kwa migongo, lakini ncha hii imechomoza nje, iko wazi, na inadaka chochote chenye aldehaidi, yaani kemikali inayojibandika upesi kwenye naitrojeni kama hiyo. Dagaa ana vyanzo viwili vya aldehaidi. Cha kwanza na kikubwa ni mafuta yake. Mafuta ya sadini yana omega-3 nyingi, mafuta laini ambayo hushika oksijeni upesi, yakawa perokisaidi, kisha yakakatika kuwa aldehaidi kama malondialdehaidi. Chuma kilichomo kwenye damu ya mashavu na tumbo, ambavyo dagaa huanikwa navyo, huongeza kasi. Chanzo cha pili ni sukari iitwayo raibosi. Samaki akifa, akiba yake ya nguvu kwenye misuli huvunjika hatua kwa hatua na kuiachia sukari hiyo. Kadiri anavyokaa kabla ya kukauka ndivyo raibosi inavyozidi. Sukari ikikutana na laisini unapata ule mwitikio wa rangi ya kahawia alioueleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, uleule unaoupa mkate ganda lake.

Laisini iliyofungwa hivyo ina hasara mbili. Yenyewe haitumiki tena mwilini. Na pia inazuia jirani zake: tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachokata protini tumboni, hukata hasa pale penye laisini na ajinini, amino asidi nyingine. Ikikuta laisini imezibwa, inapita bila kukata, na kipande kizima kinatoka na choo. Mwaka 1960 Kenneth Carpenter alitoa kipimo cha laisini iliyo wazi, kinachotumia kemikali inayoshika zile ncha ambazo bado ziko huru. Kama kuna kipimo ambacho wafungashaji wa dagaa wangepaswa kukiandika kwenye pakiti, ni hicho.

Methionini yenyewe inaumia kwa njia nyingine. Ina salfa, na perokisaidi za mafuta huipa salfa hiyo oksijeni moja. Hapo inakuwa salfoksaidi, ambayo mwili bado una kimeng'enya cha kuirudisha, ingawa si yote. Ikipata oksijeni ya pili inakuwa salfoni, na salfoni haina njia ya kurudi. Triptofani inaogopa mwanga zaidi: vitamini B2 iliyomo kwenye samaki hunasa mwanga na kuwasha oksijeni, na oksijeni hiyo huila triptofani, methionini na histidini kwa pamoja.

Sasa bidhaa zenyewe.

Dagaa wa chanja wamewekwa juu ya wavu uliotandikwa kwenye fremu ya miti, kimo cha kiuno. Hewa inapita juu na chini. Wakitandazwa safu moja, pasipo kupandana, kwenye jua la kiangazi cha Juni hadi Agosti wanakauka siku moja. Muda mfupi una maana raibosi kidogo, mafuta yameota jua kwa saa chache tu, na tumbo halijapata nafasi ya kujila lenyewe kwa vimeng'enya vyake. Dagaa wa namna hii ukimkunja anavunjika kwa mlio, mgongo una buluu hafifu, ubavu unang'aa, na jicho limezama lakini ni jeupe au jeusi safi. Kosa la kwanza tunaloliona kwa wa chanja ni kuachwa siku ya pili na ya tatu "wakauke zaidi". Hawakauki zaidi. Wanachoongeza ni mwanga na oksijeni. Kosa jingine ni kurundikwa vidole viwili kwenda juu kwa sababu wavu ni mdogo na mzigo ni mkubwa. Wa juu wanakauka, wa katikati wanachemka, na gunia zima linatoka na rangi mbili. Ukifungua gunia ukaona fedha na manjano zimechanganyika, huo ndio mkasa wake.

Wa mchangani ndio wa bei nafuu, na wako wengi. Kuwadharau wote si haki. Aliyewamwaga alfajiri kwenye mchanga mkavu na kuwaanua kabla ya magharibi anaweza kuwa na laisini inayokaribiana na ya chanja. Tatizo ni upande wa chini. Tumbo lililolalia mchanga halipati hewa, mchanga wa adhuhuri ni wa moto, na joto pamoja na unyevu ndiyo hali inayoupenda mwitikio wa Maillard. Kanuni ya jumla ni kwamba nyuzijoto 10 zaidi huongeza kasi mara mbili hadi tatu. Matokeo ni dagaa mwenye mgongo mweupe na tumbo la njano, mara nyingi limepasuka. Kisha kuna mchanga wenyewe, ambao unaununua kwa bei ya dagaa. Weka kiganja cha dagaa kwenye bakuli la kioo lenye maji, tikisa, subiri dakika mbili, tazama chini. Mchanga ukifunika kitako cha bakuli, rudisha.

Wa moshi ni jibu la masika. Kuanzia Novemba hadi Aprili jua la Kigoma haliaminiki, na dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu ni hasara kamili, kwa hiyo moto unaokoa mzigo. Moshi una pande mbili na zote ni za kweli. Una fenoli, ambazo hulinda mafuta yasishike oksijeni, hivyo methionini ya dagaa wa moshi hudumu vizuri kuliko ya dagaa wa jua walioachwa wazi. Lakini moshi una aldehaidi zake pia, fomaldehaidi na nyingine, na rangi ile ya dhahabu unayoipenda ni laisini ya juujuu ikifungwa. Dhahabu hafifu ni sawa. Hudhurungi iliyokoza, yenye kunata vidoleni, ina maana moto ulikuwa karibu mno au muda ulikuwa mrefu mno, na hapo masizi nayo yanaleta kemikali zake zisizofaa. Wanunuzi wa Tabora hupenda waliokoza wakiamini watakaa sana. Watakaa kweli, lakini kilichokaa kimepungua.

Kuhusu wa kukaanga tuseme kwa ufupi. Mafuta ya kikaangoni yako nyuzi 170 hadi 180, maji yameshatoka, hivyo hakuna cha kuzuia joto. Laisini inafungwa, sisteini inavunjika na kutoa ile harufu ya salfa, na mafuta yakirudiwa mara nyingi yanakuja tayari na aldehaidi zake. Waliokaangwa dakika mbili hadi rangi ya majani makavu wanastahimilika. Waliokuwa kama kahawa ni kitafunwa.

Kuna pia wanaochovywa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, mara nyingi chumvi ya Uvinza. Chumvi inavuta maji na kuzuia bakteria, hilo ni zuri wakati wa mawingu, ila inachochea mafuta kushika oksijeni. Walio na chumvi uwamalize ndani ya mwezi.

Kutoka Kigoma hadi Tabora ndipo bidhaa nzuri inapoharibiwa na watu wasiokusudia. Mfuko wa salfeti unapitisha hewa na mwanga. Dagaa wa chanja daraja la kwanza akikaa juu ya lori, kisha akamwagwa kwenye meza ya soko chini ya jua kuanzia asubuhi, ndani ya wiki chache anakuwa daraja la tatu na bei haijashuka. Hewa ya miji hii miwili inaharibu kwa namna tofauti. Masika ya Kigoma, karibu na ziwa, dagaa mkavu anarudisha unyevu. Akifikia kiwango cha kulegea bila kuwa na ukungu, hapo ndipo rangi ya kahawia inapokwenda kasi kuliko wakati wowote. Tabora ya Septemba na Oktoba ni kinyume: joto, ukavu, na dagaa anakauka kupita kiasi. Ule utando mwembamba wa maji uliokuwa ukiyakinga mafuta unakosekana, na oksijeni inaingia bila kizuizi. Wa Kigoma huwa kahawia, wa Tabora hutoa harufu ya rangi ya mafuta inayopakwa mlangoni. Harufu hiyo ni aldehaidi. Ukiisikia, methionini imeanza kwenda na laisini iko njiani.

Kwa hiyo unapofika kwa muuzaji, usichukue wa juu. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia, toa kiganja, nusa kwanza kabla hujatazama, kwa sababu macho hudanganywa na mwanga wa soko. Harufu iwe ya samaki mkavu, tulivu. Kunja mmoja: akivunjika ni mkavu, akipinda kama ngozi ana maji mengi. Mkate katikati na utazame nyama iliyogusa uti wa mgongo. Hapo ndipo hapadanganyi, maana mwanga haufiki na moshi haufiki. Nyama iwe nyeupe au kijivu hafifu. Ikiwa njano hadi mfupani, mafuta yamekwisha kuharibika na protini imefungwa, hata kama ngozi bado inang'aa. Muulize, "Mama, hawa waliletwa lini?" na umwombe akuonyeshe gunia ambalo halijafunguliwa. Muuzaji mzuri hakasiriki. Pakiti za nailoni angavu zilizoning'inizwa mlangoni mwa duka ziache, hata kama zimefungwa vizuri, kwa sababu mwanga umeingia mchana kutwa. Pakiti isiyopitisha mwanga, iliyoandikwa tarehe ya kufungashwa, inastahili kulipiwa zaidi.

Nyumbani, tumia ndoo yenye mfuniko unaobana au makopo. Jaza hadi juu, maana nafasi tupu ni oksijeni. Gawa kwenye vyombo vidogo ili unachofungua kila siku kiwe kimoja. Weka chini, kwenye kona isiyopigwa na jua, mbali na jiko. Kwa namna hiyo dagaa wa chanja wanafaa miezi mitatu. Kwenye salfeti, hesabu mwezi mmoja na nusu.

Kupika ni hatua ya mwisho ya kuokoa au kupoteza. Toa vichwa kama wamekaa muda mrefu, kwa sababu mashavu ndiyo yenye damu na uchungu, mifupa iache. Osha maji baridi mara tatu, kisha loweka maji ya vuguvugu dakika 10, si zaidi. Kaanga kitunguu na nyanya kwenye mawese kwanza. Mawese mekundu ambayo hayajaunguzwa yana vitamini E na rangi za karotini, walinzi wazuri wa mafuta ya samaki, na kwa mtazamo wetu ndiyo ndoa bora ya dagaa. Nyanya na ndimu huleta uchachu, na uchachu huituliza ile ncha ya laisini isidake haraka. Dagaa waingie baada ya nyanya, ufunike, moto mdogo, dakika 10. Maadamu kuna mchuzi, joto halivuki sana nyuzi 100.

Magadi yasikaribie sufuria ya dagaa. Tunajua yanalainisha na kuwahisha, lakini ukali wake ukikutana na joto hung'oa salfa kutoka kwenye sisteini na kuacha kiungo kilicho wazi, nacho kinajibandika kwenye laisini ya jirani. Kinachozaliwa kinaitwa laisinoalanini, na vimeng'enya vya tumbo havikifungui. Kama unapika maharage kwa magadi, yamwage maji yake kabla ya kuchanganya na dagaa.

Dagaa wa kusaga kwa ajili ya uji tumewaacha mwisho kwa sababu ndio wanaonunuliwa kwa nia njema kuliko wote na ndio wanaoharibika upesi kuliko wote. Ukisaga, uso unaogusa hewa unaongezeka mara nyingi, na kazi iliyochukua miezi sasa inachukua wiki. Ubaya mkubwa uko kwenye unga wa lishe uliochanganywa kila kitu: mahindi, karanga, maziwa ya unga na dagaa, vyote vikakaangwa pamoja ili "viive", kisha vikafungwa kwenye nailoni. Maziwa ya unga yana laktosi, sukari inayodaka laisini moja kwa moja. Sukari nyeupe ya mezani haina tabia hiyo mpaka ivunjike. Ukaangaji ukishaanzisha mwitikio, unaendelea wenyewe rafuni. Mchanganyiko unaonukia biskuti na wenye rangi ya kahawa ya maziwa umeshalipa harufu hiyo kwa laisini ya mtoto, na hatuwezi kuupa alama ya kupita hata kama umefungwa vizuri.

Saga dagaa wa chanja peke yao, bila kuwakaanga, kiasi cha wiki mbili. Kopo lao liwe dogo, la bati, lenye mfuniko. Nafaka na karanga kaanga na saga mbali. Kwa kikombe cha unga wa mahindi, vijiko viwili vya chakula vya dagaa, vilivyosawazishwa. Uji ukishachemka na kuiva, koroga dagaa, wachemke dakika 5, ipua. Maziwa yaingie baada ya kuipua.